Uuguzi wa wazee kama taaluma: maana yake na kazi yake

Alifikishwa wodini saa nne asubuhi, kalazwa kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, kichwa kwenye mapaja ya mjukuu wake. Bibi wa miaka 80 hivi, wa hapa hapa Malindi. Kwa siku tatu alikuwa akizungumza na mumewe aliyefariki zamani, usiku halali, chakula anakitema. "Sista, ni uzee tu," mjukuu aliniambia, "lakini mama amesema tumlete." Nilimwamkia bibi, hakuitika. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gunzi la hindi. Mkojo tuliopata ulikuwa kidogo, wenye rangi ya chai ya rangi, na ulinuka. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili ulikuwa umekaukiwa maji. Akatiwa dripu, akaanzishiwa dawa. Siku ya tatu alinikazia macho akauliza ni nani aliyechukua tambuu yake.

Maneno yale matatu, "ni uzee tu", ndiyo yanayonifanya niandike haya. Kuna fani nzima ambayo kazi yake ni kuyasikia maneno hayo na kuuliza: je, kweli ni uzee?

Fani hiyo ni uuguzi wa wazee. Ni tawi la uuguzi linalomsoma mtu mwenye umri mkubwa: mwili wake unavyobadilika, maradhi yanavyojitokeza kwake, dawa zinavyokaa mwilini mwake, na maisha anayotaka kuendelea kuyaishi. Kijana akipata maambukizi atachemka homa. Mzee anaweza asipate homa hata kidogo. Dalili pekee ikawa ni kuweweseka, kama yule bibi wa tambuu. Kijana akipatwa na shambulio la moyo atashika kifua, mzee anaweza kulalamikia uchovu na kukosa pumzi basi. Asiyefundishwa tofauti hizi atazipita bila kuziona, hata akiwa muuguzi hodari kwa wagonjwa wengine.

Tunaposema muuguzi fulani ni msomi au mwanataaluma wa uuguzi wa wazee, tunamaanisha kwamba kazi yake haikomei kitandani kwa mgonjwa. Anafundisha wauguzi wenzake, anatafiti, anaandika anachokigundua ili kiwafikie walio mbali naye, na huku bado anashika wagonjwa kwa mikono yake. Mimi naona hili la mwisho ndilo lisiloachika. Mwalimu wa uuguzi aliyesahau harufu ya wodi huanza kufundisha wazee ambao hawapo.

Utakutana na maneno mawili: jeriatria na jerontolojia. Yote yana asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Jeriatria ni utibabu wa maradhi ya uzeeni. Jerontolojia ni elimu ya uzee wenyewe, pamoja na pato la mzee, nyumba yake, jamaa zake na heshima yake. Mwaka 1976 chama cha wauguzi wa Marekani kilibadilisha jina la kitengo chake kutoka neno la kwanza kwenda la pili, kwa sababu wauguzi walitaka ieleweke kwamba wanamhudumia mzee aliye mgonjwa na asiye mgonjwa. Kwa Kiswahili tumepona taabu hiyo. "Uuguzi wa wazee" unabeba yote mawili.

Na mzee ni nani? Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu aliyezidi miaka 60, na kifungu chake cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa yake na kwa Serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wa miaka 60 na zaidi milioni 2.7 hivi.

Mfano ninaoupenda wa taaluma hii ni wa Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza. Enzi zake, vidonda vya kulalia vilipakwa kila kitu: spiriti, poda, krimu, kila wodi na imani yake. (Hapa kwetu ni mafuta ya nazi, na anayepaka anapaka kwa mapenzi ya kweli.) Norton na wenzake waliwachunguza wagonjwa wazee hospitalini, wakachapisha matokeo mwaka 1962. Walichokiona ni kwamba cha kupaka hakikuwa na faida kubwa. Kilichomwokoa mgonjwa ni kuondolewa uzito mahali pamoja, yaani kugeuzwa mara kwa mara. Wakatunga na kipimo ambacho bado kinatumika: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza kitandani, na kuzuia haja. Kila kimoja kina alama 1 hadi 4. Akipata 20 ana nafuu, akishuka hadi 14 au chini, ngozi yake iko hatarini na zamu ya kumgeuza ianze leo leo.

Tazama kilichotokea hapo. Kugeuza mgonjwa ilikuwa kazi ya mwanafunzi, kazi isiyo na jina. Muuguzi mmoja akaiuliza swali, akahesabu, akaandika, na ikawa elimu. Baadaye Norton alikwenda Marekani kuwa profesa wa uuguzi wa wazee katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland. Uprofesa wake ulitokana na vidonda vya kulalia.

Njia ya kufika huko kwa Mkenya inaeleweka. Wengi huanza na diploma ya miaka mitatu na usajili wa Baraza la Wauguzi, wengine huingia digrii moja kwa moja. Kisha shahada ya uzamili, kisha uzamivu, na huko chuoni unapanda kutoka mhadhiri hadi profesa kwa kufundisha, kusimamia wanafunzi na kuchapisha makala. Ni safari ndefu, na wengi huisafiri huku wakishika zamu za usiku na kulea watoto.

Chuo nilichosomea kilitufundisha mtoto mchanga kwa muhula mzima. Wazee walipata alasiri moja, na mwalimu alikuwa na haraka. Ndiyo maana nikipata wanafunzi sasa nawapa kwanza zoezi ambalo walimu wa fani hii hulitumia katika nchi nyingi. Wanatia kunde ndani ya viatu, pamba masikioni, na miwani iliyopakwa mafuta ya mgando. Kisha namwambia mmoja, panda ngazi, shuka, utoe shilingi hamsini ya tuktuk kwenye pochi. Kunde zinamchoma nyayo, ngazi haioni, sarafu zinamponyoka, na wenzake nyuma yake wanamwambia fanya haraka. Kijana mmoja aliketi ngazini katikati akavua viatu bila kusema neno. Baadaye aliniambia kwamba nyanya yake anaishi dari ya pili katika nyumba ya mawe kule Lamu, ngazi nyembamba zimesimama kama ukuta, na kwa mwaka mzima nyumbani walikuwa wakimwona mvivu kwa kuwa hashuki tena barazani kuzungumza na wenziwe.

Sasa utafiti. Hapa ndipo mtu wa pwani anahitajika hasa, na nitaeleza kwa kipimo cha kumbukumbu. Kipimo kimoja maarufu kilichotungwa Marekani mwaka 1975 kinamtaka mzee ataje majira ya mwaka, tarehe na mwezi, aandike sentensi, anakili michoro miwili yenye pembe tano tano iliyopandana, na kwenye hesabu atoe saba kutoka mia, kisha saba tena, na saba tena. Mpelekee bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu. Ukimuuliza majira atakwambia kusi limeingia, yaani msimu wa upepo wa kusini, na kweli limeingia, lakini karatasi ina majira manne ya Ulaya. Ukimuuliza mwezi atakwambia mfungo sita, kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu, na kweli ni mfungo sita, Maulidi yamekaribia. Kalamu ataishika kama mwiko. Atoke hapo na alama za mtu aliyepotewa na akili, ilhali anajua ni nani katika mtaa mzima anadaiwa na nani.

Kutafsiri maswali hayo kwa Kiswahili hakutoshi, kwa kuwa kosa limo ndani ya maswali yenyewe. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walitunga kipimo kisichomdai mzee kusoma wala kuandika. Sehemu yake moja anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Utafiti mwingine wa huko huko Hai ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu na uamuzi pole pole. Basi maradhi yapo Afrika Mashariki, tena vijijini. Mwuguzi mwenzangu aliniambia ni ugonjwa wa Wazungu, na sivyo.

Na katika kaunti yetu ya Kilifi kutoyajua maradhi hayo kunaua. Nasema kwa uzito wote. Mzee anayeamka usiku wa manane na kuzurura, anayezungumza peke yake, anayevua nguo nje, anayemkana mwanawe kwa jina, kijijini anaweza kupewa jina la mchawi. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni humwongezea ushahidi. Mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba, na jina hilo ni kisingizio tu. Wazee wamechinjwa kwa mapanga kwa ajili hiyo. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa mahali pa hifadhi kwa wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi. Muuguzi msomi wa wazee hawezi kuamua kesi za mashamba. Anachoweza ni kukaa na jamaa chini ya mwembe na kuwaonyesha kwamba kuzurura usiku kuna jina la hospitali, kwamba kuweweseka kwa ghafla mara nyingi kunatibika, na kwamba demenshia haiambukizi wala hairogi mtu. Anaweza pia kumfundisha muuguzi wa zahanati kutofautisha mawili hayo: la ghafla, la siku chache, lifikishwe hospitali leo, la pole pole, la miezi na miaka, liandaliwe matunzo.

Kabla ya kuuliza swali lolote la utafiti lazima upate idhini, kutoka kamati ya maadili na kutoka kwa mzee mwenyewe. Nyumbani kwetu mtoto wa kiume hukimbilia kujibu: "Baba amekubali." Na baba yupo pale pale, macho yamefumbuka. Nimejifunza kukaa chini, uso wangu uwe chini ya uso wake, nimwamkie, na nimngoje. Dakika nzima inaweza kupita. "Shikamoo baba. Naweza kukuuliza mambo machache?" Mmoja alinyamaza mpaka mwanawe akaaibika, halafu akasema, "Marahaba. Uliza, lakini uandike ninavyosema mimi, usiandike anavyosema huyu." Aliyepotewa na kumbukumbu kiasi cha kutoweza kupima jambo, jamaa yake huombwa idhini, ila mzee mwenyewe akisukuma mkono wako au akigeuza uso, unafunga daftari na kuondoka.

Wauguzi vijana huniuliza waanzie wapi ikiwa digrii bado iko mbali. Nawaambia wanunue daftari la mraba la bei rahisi. Mzee akianguka wodini, andika saa ngapi, alikuwa akienda wapi, alivaa viatu gani, taa ilikuwa inawaka au la, na ni dawa gani alimeza kabla ya hapo. Aliyenionyesha lake mwezi uliopita alikuwa na kurasa tisa. Karibu wote walikuwa wameanguka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, wakielekea chooni, na safu ya dawa ilikuwa na kidonge kile kile cha kuongeza mkojo, kinachotolewa jioni.