Kanzu ya Pili Iliyoko Kabatini

Kwaresima ikikaribia watu huulizana utaacha nini: nyama, sukari, bia? Ni nadra kumsikia mtu akisema atafungua kabati na kupunguza vitu. Na hata tunaofikiria kupunguza tumebeba dhana kadhaa zisizo sahihi.

Dhana: Fedha ndiyo shina la maovu yote.
Soma tena 1 Timotheo 6:10: "shina moja la mabaya ya kila namna ni *kupenda* fedha". Yoana mkewe Kuza na Susana walikuwa na mali, na kwa mali hiyo walimhudumia Yesu na wanafunzi wake (Luka 8:3). Hakuna aliyewakemea.

Dhana: Kuachana na mali ni wito wa watawa.
Ni kweli kwamba Antonio wa Misri, katika karne ya 3, alisikia Mathayo 19:21 ikisomwa kanisani, akagawa shamba alilorithi, na baadaye akaishia jangwani. Lakini makutano walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakumhamisha mtu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, basi (Luka 3:11). Watoza ushuru na askari waliomuuliza walibaki kazini mwao. Walichoambiwa ni waache kutoza kupita kiasi na kudhulumu. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, naye alitoa nusu ya mali yake, si yote, ingawa ukijumlisha na kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, sijui alibakiwa na ngapi.

Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4 huko Kapadokia, alikwenda mbali zaidi. Akihubiri juu ya yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, alifundisha kwamba vazi ulilolifungia sandukuni ni la aliye uchi, na viatu vinavyoozea kwako ni vya anayetembea peku. Kwa Basili, basi, ukitoa cha ziada unakirudisha kwa mwenyewe. Hapo hata lile neno "msaada" linaanza kuona aibu.

Dhana: Toa, ni mbegu, itarudi mara mia.
Ahadi ya mara mia ipo katika Marko 10:30, ila wahubiri wengi huishia kabla ya sentensi kwisha: mara mia hiyo inakuja pamoja na mateso. Na katika Luka 14 Yesu anaagiza ualike maskini kwa sababu hawana cha kukulipa. Anayetoa huku akisubiri gari bado ameshika kitu mkononi.

Dhana: Kutoa ni kutoa, hata kama ni cha watoto.
Hapana. Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa (Marko 7:11). Anza na kabati lako, si la mkeo.

Dhana: Nilichokichoka ndicho cha kutoa.
Hii ndiyo imetushika wengi. Shati lisilo na vifungo, sufuria iliyotoboka, kiatu kilichoisha kisigino: tunafunga furushi, tunapeleka kanisani, tunarudi wepesi. Nabii Malaki aliwauliza waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema kama wangethubutu kumpelekea liwali wao. Daudi naye alikataa kupewa bure uwanja wa Arauna, kwa kuwa hakutaka kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Kutupa takataka ni usafi, na usafi ni mzuri, ila tusiuite sadaka.

Kwetu kulikuwa na sahani za wageni, zenye maua ya buluu, nyuma ya kioo cha kabati la sebuleni. Wageni walikuja miaka na miaka wakala kwenye sahani za kawaida, maana zile zingevunjika. Mwaka jana jirani alikuwa anaozesha binti na hakuwa na vyombo vya kumpa. Mama alizitoa zote, akazipangusa moja moja, akazifunga kwenye khanga mpya. Jioni ile alikaa muda mrefu akilitazama kabati tupu, kisha akatuita tule.