Ukuta Ukifungwa: Sanaa ya Kwia Mbele ya Siasa za Kihafidhina

Mgeni aliyesikia kwamba kwenye makumbusho fulani kuna sanaa ya kwia, yaani sanaa inayotokana na maisha ya wapenzi wa jinsia moja na ya watu wasiotoshea kwenye mipaka ya mwanamume na mwanamke, huingia akiwa amejiandaa kushtuka. Anachokikuta mara nyingi ni lundo la peremende kwenye kona ya chumba, saa mbili za ukutani zilizotundikwa bega kwa bega, au picha kubwa ya kitanda kisicho na mtu. Anabaki kujiuliza: sasa hapa cha kukataza ni kipi? Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Upole wa kazi hizo ulipangwa, na ili kuuelewa inabidi turudi kwenye ugomvi wa fedha za umma uliozuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Juni 1989, jumba la sanaa la Corcoran mjini Washington lilifuta maonyesho ya mpiga picha Robert Mapplethorpe yakiwa yamebakiza wiki chache kufunguliwa. Mwenyewe alikuwa amefariki kwa ukimwi mwezi Machi. Baadhi ya picha zilionyesha ngono ya wanaume bila kificho, na maonyesho yalikuwa yamepata ruzuku ya Mfuko wa Taifa wa Sanaa. Seneta Jesse Helms wa North Carolina akalivalia njuga suala hilo: kodi ya wananchi, alidai, haipaswi kugharamia mambo kama hayo. Corcoran iliogopa kukosa fedha za serikali, ikajiondoa yenyewe kabla haijaambiwa. Waandamanaji walikuja usiku na projekta, wakazimulika picha zilezile kwenye ukuta wa nje wa jengo, zikaonekana kubwa kuliko ambavyo zingeonekana ndani.

Mwaka uliofuata, mjini Cincinnati, mkurugenzi wa makumbusho Dennis Barrie alifikishwa mahakamani kwa sababu ya picha 7 kati ya 175 za maonyesho hayohayo. Jopo la raia likasikiliza kesi na kumwachia huru. Kesi hiyo hukumbukwa kama ushindi, na ulikuwa ushindi kweli, ila mimi huwa nawaambia wanafunzi waangalie upande wa pili, upande wa fedha. Mwaka huo huo wa 1990, wasanii wanne wa jukwaani, Karen Finley, John Fleck, Holly Hughes na Tim Miller, walinyimwa na mfuko uleule ruzuku ambazo jopo la wataalamu lilikuwa limekwisha kuzipendekeza. Watatu kati yao walikuwa wapenzi wa jinsia moja na kazi zao zilisema hivyo waziwazi. Bunge likaongeza sharti kwamba watoa ruzuku wazingatie “staha”. Wasanii hao walikwenda mahakamani, shauri likafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1998 majaji 8 dhidi ya 1 wakaliacha sharti lisimame. Kufikia wakati huo mfuko ulikuwa umeshaacha kuwapa ruzuku wachoraji, wachongaji na wapiga picha mmoja mmoja. Hakuna aliyefungwa, wala hakuna picha iliyochomwa. Mrija ulifungwa tu.

Hapo ndipo anapoingia Felix Gonzalez-Torres, msanii mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi New York na kufariki mwaka 1996. Alitambua kwamba seneta anayetafuta picha ya kuipeperusha bungeni anahitaji kitu cha kuonyesha, akaamua kumnyima. Saa mbili za kawaida za dukani hutundikwa zikigusana, zote zimewekwa kwenye dakika ileile. Betri zikianza kuchoka, moja huachwa nyuma na mwenzake, na hatimaye husimama. Jina la kazi linataja wapenzi waliotimia. Nani atasimama bungeni kulaani saa?

Lundo la peremende ni la mwaka 1991, mwaka ambao mpenzi wake, Ross, alifariki kwa ukimwi, na jina la Ross limo kwenye jina la kazi. Uzito uliokusudiwa ni pauni 175, karibu kilo 79, na wengi huusoma kama uzito wa mwili wa Ross kabla ugonjwa haujamkondesha. Mtazamaji anaruhusiwa kuchukua peremende moja, akaifungua karatasi yake ya rangi na kuila palepale. Lundo linapungua mbele ya macho ya watu, na makumbusho yanaweza kulijaza tena. Yule aliyeingia bila kujua chochote anatoka na utamu mdomoni, kisha anasoma maelezo na kutambua ameshiriki katika nini. (Walinzi wa makumbusho huwa na kazi ngumu: siku nyingine zote wanakataza watu kugusa.)

Kitanda nacho kina historia ya kisheria. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katiba haimkingi mtu na mashtaka ya mapenzi ya jinsia moja, hata kama tendo limefanyika chumbani kwake. Kwa hoja hiyo, chumba cha kulala cha watu hawa hakikuwa cha siri tena. Gonzalez-Torres akaichukua hoja kama ilivyo: mwaka 1992 picha ya kitanda chenye mito miwili iliyobonyea ilibandikwa kwenye mabango 24 ya matangazo barabarani New York, bila neno hata moja. Kama chumba ni mali ya umma, basi umma ukitazame. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2003.

Mbinu hii ina udhaifu wake, na haifai kuufumbia macho. Kazi isiyosema kitu kwa sauti ni rahisi kuinyamazisha kabisa. Mwaka 2022 makumbusho ya Art Institute of Chicago yalionyesha lundo lile la peremende kwa kibandiko cha maelezo ambacho, mbali na jina la kazi, hakikumtaja Ross wala ukimwi. Watazamaji walilalamika, kikaandikwa upya. Hapakuwa na seneta nyuma ya jambo hilo.

Ndiyo maana wasanii waliopiga kelele walikuwa na haki ya kupiga kelele. Mwaka 1987 kundi la wanaharakati wa ukimwi ambalo baadaye lilijiita Gran Fury lilipewa dirisha la New Museum, makumbusho ya New York, linalotazama barabara ya Broadway. Waliweka picha ya kesi ya Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Wanazi, na mbele yake sura za watu mashuhuri wa siku zile, Helms akiwamo, kila mmoja na maneno yake mwenyewe kuhusu ukimwi. Sehemu ya maneno ya Rais Ronald Reagan iliachwa tupu. Ugonjwa ulikuwa umetambuliwa tangu 1981, naye alikaa kimya kwa miaka.

Uingereza ilikwenda njia ya sheria. Kifungu cha 28 cha mwaka 1988 kilizikataza halmashauri “kuhamasisha” mapenzi ya jinsia moja au kuhimiza yafundishwe shuleni kama uhusiano wa kifamilia, ambao kifungu chenyewe kiliuita wa kujisingizia. Hakuna halmashauri iliyowahi kutiwa hatiani hadi kilipofutwa, Scotland mwaka 2000 na kwingineko mwaka 2003. Hakikuhitaji. Hofu ilitosha kuwafanya walimu na wakuu wa maktaba wajizuie wenyewe. Sunil Gupta, mpiga picha mzaliwa wa Delhi, aliyanyakua maneno hayo ya sheria na kuyafanya jina la mfululizo wa kazi zake. Kila kipande kina sehemu tatu: wapenzi wawili katika maisha yao ya kawaida, mistari michache ya shairi, na ukanda mwembamba wa picha ya maandamano ya kupinga kifungu. Ukanda umekatwa kiasi kwamba unaona kidogo tu cha umati, na ndivyo siasa inavyowafikia watu waliokaa nyumbani kwao.

Mtu anaweza kudhani kwamba sheria nzuri inamaliza mambo. Afrika Kusini inajibu. Katiba yake ya 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi, na ndoa za jinsia moja zinatambuliwa tangu 2006. Hata hivyo, mwaka 2009 waziri wa sanaa, Lulu Xingwana, alitoka kwenye maonyesho mjini Johannesburg yaliyokuwa na picha za Zanele Muholi za wanawake waliokumbatiana, akisema hazina maadili. Jibu la Muholi lilikuwa limeshaanza miaka mitatu kabla: mamia ya picha za nyeusi na nyeupe za wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia, kila mmoja akiitazama kamera moja kwa moja. Zikitundikwa, nafasi huachwa wazi katikati ya safu kwa ajili ya waliofariki na ambao hawajapigwa picha bado.

Nchini Brazili, Septemba 2017, kituo cha utamaduni cha benki mjini Porto Alegre kilifunga maonyesho ya kwia kabla ya muda wake baada ya shinikizo la wanaharakati wa mrengo wa kulia. Wananchi wakachanga zaidi ya reais milioni 1, na mwaka 2018 maonyesho yakafunguliwa tena Rio de Janeiro. Huko Hungaria, mwaka 2023 mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa alifukuzwa kazi kwa kushindwa kuwazuia vijana wa chini ya miaka 18 wasione maonyesho ya picha za habari. Zilizoleta mgogoro zilikuwa picha za wazee mashoga wa Ufilipino.

Julai 2025 mambo yaligeuka. Amy Sherald, mchoraji Mmarekani anayejulikana kwa picha yake ya Michelle Obama, alikuwa anasubiriwa na makumbusho ya taifa ya picha za watu mjini Washington. Miongoni mwa kazi zake kulikuwa na mchoro wa mwanamke mweusi aliyebadili jinsia, amesimama kama Sanamu ya Uhuru. Aliposikia kwamba makumbusho yanasitasita kuhusu mchoro huo, hakungoja kuambiwa autoe. Aliyaondoa maonyesho yote, na miezi michache baadaye yakafunguliwa Baltimore, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni, mchoro ukiwamo.