Mazoezi Wakati wa Ujauzito: Mbona Anayejua Faida Zake Bado Anaogopa?

Wajawazito wengi wamesikia kwamba mazoezi ni mazuri. Mbona wasioyafanya ni wengi?

Kwa sababu kusikia si sawa na kuelekezwa. Mjamzito akiulizwa kama mazoezi yana faida, mara nyingi hukubali bila kusita. Akiulizwa afanye zoezi gani, kwa muda gani na aache lini, hapo ndipo hunyamaza. Kliniki hupimwa uzito, presha na wingi wa damu, akaambiwa kwa haraka afanye mazoezi, kisha hurudi kwa jamaa wanaomsihi apumzike. Kati ya kauli hizo mbili, ile ya kupumzika ndiyo hushinda, maana hakuna mama anayetaka kuja kujilaumu. Uchovu na kichefuchefu cha miezi ya mwanzo navyo ni vizuizi vya kweli, na si haki kuviita uvivu.

Je, mazoezi yanaweza kuharibu mimba?

Kwa mwanamke mwenye afya njema na mimba isiyo na matatizo, mazoezi ya wastani hayaongezi uwezekano wa mimba kuharibika wala wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Sehemu kubwa ya mimba zinazoharibika katika miezi 3 ya kwanza hutokana na kasoro za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), kasoro ambazo mama hakuzisababisha kwa kutembea wala asingeweza kuzizuia kwa kulala. Hata hivyo, hofu hii isichekwe, kwani waganga wenyewe waliwahi kuwa nayo: mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilishauri mapigo ya moyo ya mjamzito yasizidi 140 kwa dakika, na ukomo huo uliondolewa mwaka 1994.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ambaye hakuwa na mazoea aanze kidogo kidogo. Kipimo chepesi cha wastani ni pumzi: ukitembea kwa haraka uweze kumaliza sentensi unapozungumza, lakini ukijaribu kuimba ushindwe. Kwa kiasi hicho hupungua uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, presha ya mimba na ongezeko la uzito lililopita kiasi.

Lipo pia zoezi lisilohitaji hata kusimama. Kaza misuli ya nyonga kana kwamba unazuia mkojo, hesabu polepole hadi 5 huku ukiendelea kupumua, kisha legeza. Husaidia kuzuia mkojo kuvuja, tatizo ambalo wengi hulionea aibu.

Kazi za nyumbani hazitoshi?

Inategemea kazi. Kusugua sakafu hadi pumzi ipande ni mazoezi. Kusimama saa nzima mahali pamoja hadi miguu ivimbe ni uchovu tu.

Mazoezi gani yaepukwe, na nani asifanye?

Aepuke michezo ya kugongana, ya kuanguka na kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Baada ya miezi 3 ya kwanza asifanye mazoezi akiwa amelala chali kwa muda mrefu, kwa kuwa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye akaona kizunguzungu. Mwenye kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi, dalili za kifafa cha mimba, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo asianze bila idhini ya daktari.

Aache lini?

Papo hapo, akiona damu au maji yakitoka ukeni, akipata maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, tumbo kukaza kwa vipindi, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama dalili imetulia baada ya kukaa.