Kwa nini mtazamaji hukimbia kabla mtori haujaiva?

Je, wajua kwamba video iliyofunguliwa na watu wengi inaweza kupendekezwa kidogo kuliko iliyofunguliwa na wachache?

YouTube ilianza mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa idadi ya waliobonyeza ndiyo iliyobeba uzito. Wajanja wakashtuka mapema: nje weka picha ya kutisha, ndani usiweke kitu. Mtu anabonyeza, anagundua amepigwa changa la macho, anatoka. Mwaka 2012 kampuni ikabadili mizani, na muda ambao mtazamaji anakaa ukaanza kuhesabiwa zaidi. Leo kuna dalili nyingine pia, zikiwemo laiki na maswali mafupi ya kama mtu aliridhika, ila muda bado una nguvu.

Sasa chukua chaneli ya mapishi ya hapa Moshi. Kichwa kinasema "Jinsi ya kupika mtori", ile supu nzito ya ndizi na nyama. Video inafunguka kwa droni juu ya Kilimanjaro, nembo inazunguka, muziki, kisha mpishi: "Karibuni sana, kama wewe ni mgeni usisahau kusabskraibu, gonga na kengele..." Ndizi hata kumenywa bado! Aliyeko kwenye Kosta akitokea Arusha, na bando lake la kujibana, alipie nembo kwa lipi? Na mlima wenyewe, mawingu yakiondoka, anauona bure dirishani.

Ushahidi uko ndani ya YouTube Studio, sehemu ambayo mwenye chaneli huona takwimu za video zake. Kila video ina mchoro wa asilimia ya watazamaji ambao bado wapo, na pembeni unaambiwa wangapi walivuka sekunde ya 30. Mstari ukilala, watu wametulia. Ukiinuka ghafla, wanarudisha nyuma kuangalia tena, mara nyingi mahali penye kipimo au hatua iliyopita upesi. Ukizama, wameruka. Kwenye mtori, usishangae kuona kilima pale ndizi na nyama zinapopondwa kwa mwiko, na shimo pale sufuria inapochemka dakika nzima bila neno.

Basi anza na huo mwiko. Waonyeshe mtori mzito ukimwagwa bakulini, sema kwa nini wako haushiki mabonge, halafu ndipo urudi kwenye kumenya. Wengine wakisikia haya hukimbilia kufupisha kila kitu. Mimi siafiki: anayetaka kujifunza kupika atakaa hata dakika 15, mradi kila dakika ina kitu.

Komenti nazo haziji kwa kuombwa. "Tuandikieni hapo chini" haina mshiko. Uliza jambo lenye ubishi: "Kwenu mnatia maziwa au siagi?" Hapo watu wa Machame, Kibosho na Rombo hawatanyamaza. Wajibu mapema, na komenti moja kali uibandike juu kabisa.

Mwisho wa video ndipo wengi wanapopoteza watu bila kujua. Vile visanduku vya kumpeleka mtazamaji kwenye video nyingine hukaa sekunde 5 hadi 20 za mwisho, na ukishatamka "basi wapendwa, tumefika tamati", mtu ameshaondoka kabla hajaviona. Afadhali mpishi, angali anaonja, aseme kwamba ndizi zilizobaki amezipikia machalari, na video ya machalari itokee hapo hapo.