Ubongo kukomaa ndo nini? Tuanzie kwa vitoto vya panya

Juzi tulikuwa tunahamisha magunia ya mchele stoo hapa Langoni, chini ya gunia la mwisho tukakuta vitoto vya panya, vyekundu, havina nywele, macho na masikio yamefungwa. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona hivi havikimbii?" Jibu lake ni hii kitu inaitwa kukomaa kwa ubongo.

Punda akizaa hapa Lamu, siku hiyo hiyo mtoto ashasimama, anamfuata mamake. Panya hawezi, manake yeye anazaliwa ubongo bado uko kwa fundi. Na wengi wakisikia kukomaa wanadhani ni kichwa kuwa kikubwa tu, kumbe mambo mengi ni ya waya. Kuna neva ndefu zinatoka juu kwa ubongo zinashuka uti wa mgongo, na panya akizaliwa hizo ziko njiani bado, zinafika kwanza usawa wa mikono, za miguu ya nyuma zinachelewa siku kadhaa, alafu zikishafika bado zavishwa ganda la mafuta, mayelini, yaani kama ule mpira wa waya wa stima, ila hili linafanya ujumbe uende mbio. Serebelamu nayo, ule ubongo wa nyuma wa kuweka balansi, inaendelea kutoa seli mpya mpaka kama wiki ya tatu.

Ndo maana mwendo unakuja kwa zamu. Wiki ya kwanza anajivuta kwa mikono tu, anazunguka pale pale kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Wiki ya pili tumbo linaanza kuachana na chini, macho yanafunguka siku ya 13 mpaka 15 hivi, na hapo hapo miguu minne inakubali. Ile kazi ya ustadi sasa, kunyoosha mkono kushika punje moja ya chakula na kuitia mdomoni, hiyo ni ya mwisho mwisho, ashaanza kuachishwa ziwa na bado anakosakosa.

Lakini mimi kilichonishika ni hichi: ile sehemu ya juu ya ubongo inayojulikana kwa kuamrisha misuli, kwa mtoto wa panya kwanza haiamrishi, inasikiliza. Amri zinatoka chini kwenye shina la ubongo, mkono ukisogea habari ndo zinapanda juu. Na vile vimguu vinavyoshtuka-shtuka usingizini, ambavyo sisi tunasema anaota, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani wameona kila mshtuko unapeleka habari kwa ubongo, ni kama unafundishwa huu mkono, huu mguu. (Watazame vitoto vya paka barazani wakilala, ni vile vile.)

Vile vya stoo havikufika siku ya kufungua macho. Paka wa mtaa walimaliza kazi kabla.