Uyoga mwekundu haukuwapa Wavikingi ukali wao

Wengi wamesadiki kwa muda mrefu kwamba berserki, wale mashujaa wa Kivikingi (watu wa kale wa Ulaya ya kaskazini) waliosifika kwa ghadhabu, walikula uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, kabla ya vita. Dai hili halitokani na Wavikingi wenyewe. Lilitolewa mwaka 1784 na Samuel Ödmann, mwanazuoni wa Uswidi, ambaye alisoma taarifa za wasafiri kuhusu watu wa Siberia waliokula uyoga huo, kisha akakisia kwamba mashujaa wa kale wa kaskazini nao walifanya vivyo hivyo, ingawa kati yao na yeye zilikuwa zimepita karne nyingi.

Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anawaonyesha berserki wakienda vitani bila deraya, wakiuma kingo za ngao zao, wakali kama mbwa mwitu. Uyoga hautaji hata mara moja. Ukimya huo, kwa maoni yangu, una uzito mkubwa.

Uyoga wenyewe pia haulingani na dai. Kemikali yake kuu, musimoli, hupunguza kasi ya mishipa ya fahamu, hivyo aliyeula huweza kutapika, kupepesuka, kuchanganyikiwa, na mara nyingi huishia katika usingizi mzito. Ni vigumu kumwona mtu wa hali hiyo akishika shoka na kuvunja safu ya maadui. Isitoshe, kuwahusisha Wakoryaki wa Kamchatka, mojawapo ya watu wa Siberia walioutumia katika sherehe zao, na umwagaji damu wa watu wengine ni kuwadhulumu.