Maana ya Usemi "Bitiruti Huongeza Damu"

Mjamzito akirudi kutoka kliniki na habari kwamba damu yake imepungua, hakawii kuletewa jagi la juisi ya bitiruti, kwa kuwa wengi huamini kwamba mzizi unaoacha wekundu kwenye ubao wa kukatia, na vidoleni hadi jioni, hauwezi kukosa kuongeza damu. Wekundu huo, hata hivyo, hautokani na madini ya chuma. Ni rangi ya mmea iitwayo betanini, ambayo kwa baadhi ya walaji hupita hadi kwenye mkojo na choo bila kuwadhuru, wakashtuka wakidhani wanatokwa na damu.

Gramu 100 za bitiruti mbichi zina chuma kisichofika miligramu 1, ilhali mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Kinachosaidia zaidi humo ni foleti, vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki, takriban mikrogramu 109 katika kiasi hichohicho, ambayo mwili huitumia kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo usemi huo si uongo mtupu, lakini juisi haishiki nafasi ya vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki, na nalisisitiza hili kwa sababu mama anayeviacha kwa kutegemea jagi anajihatarisha pamoja na mtoto aliye tumboni.

Penye ushahidi mzito zaidi si wingi wa damu bali msukumo wake. Bitiruti ina nitrati nyingi. Zikishafyonzwa, sehemu yake hurudi kinywani kwa njia ya mate, ambako bakteria wa ulimini huzigeuza kuwa nitriti, nazo nitriti mwilini huzaa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa ya damu ili ipanuke. Katika jaribio la London lililochapishwa mwaka 2008, watu wenye afya waliokunywa nusu lita ya juisi walishuka presha, ile namba ya kwanza ya kipimo, kwa takriban milimita 10 za zebaki ndani ya saa 3. Anayesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu huwaua bakteria hao, na faida hiyo hupungua.

Anayetumia dawa za presha amweleze daktari wake kabla ya kuizoea juisi hii kila siku. Mwenye figo dhaifu aihofie potasiamu iliyomo, madini ambayo figo hizo hushindwa kuyatoa ipasavyo, na aliyewahi kupata mawe ya figo akumbuke kwamba bitiruti ina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia kuunda mawe hayo.